Baba, mwanao wa miaka kumi hachezi dabi ya Kariakoo

MZEE WA MZUNGUKO (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma rukeni mwende kwenye matusi ya chini kama kawaida yenu.

Kwanza nijitambulishe msije mkasema anayeongea ni mtu wa pembeni. Mimi ni Mnyama, yaani Simba, wa kuzaliwa. Jukwaa langu uwanjani Kwa Mkapa ni mzunguko, jua la utosi, karanga mfukoni. Tarehe 5 Novemba 2023 nilikuwepo tunapigwa 5-1 na Yanga, na nilirudi Tandika kwa miguu kwa sababu konda wa daladala alikuwa Yanga na mdomo wake hauna breki. Mei 2025 nikavuka maji kwenda Amaan, Zanzibar, kuangalia fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tukatoka 1-1 na Berkane ya Morocco waliokuwa wametufunga mbili kwao. Nimelia kama mtu mzima anavyolia, nikanawa uso, nikapanda boti. Kwa hiyo ushabiki naujua, na raha yake naijua.

Ninachotaka kukisema kinahusu Jumamosi asubuhi.

Kijana wangu ana miaka 11 na yuko kwenye kituo kimoja cha soka huku kwetu. Jina la kituo silitaji, msinifuate inboksi. Ni winga wa kulia, mwembamba, njumu zake za mtumba nimemtafutia sokoni Karume. Wikendi huwa kuna bonanza au kiligi cha vituo: U-9 (chini ya miaka 9), U-11, U-13. Uwanja vumbi, chokaa ya mstari ishafutika nusu, goli moja lina nyavu jingine halina. Wazazi tunasimama juu ya mstari kabisa, na wengine wameshaingia hatua mbili ndani.

Sasa sikiliza anachosikia mtoto kwa dakika moja tu. Kocha: "Tulia, rudisha kwa kipa." Baba yake: "Butua! Butua mbele!" Mjomba aliyekuja kusindikiza: "Mkabe huyo, unamwangalia sura?" Mama wa mwenzake: "Si umpasie mwanangu, mbona mchoyo!" Mtoto anageuza shingo ajue afuate sauti ya nani, na hapo hapo mpira umeshachukuliwa. Anayekuwa wa kwanza kushika kichwa ni yule yule wa butua.

Siku moja usiangalie mpira, angalia macho ya watoto. Utaona kuna ambao kabla ya kupiga pasi hawamtafuti mwenzao aliye wazi, wanamtafuta baba. Akikosea anamtafuta baba. Akifunga anamtafuta baba kwanza, wenzake wanamkumbatia mtu ambaye akili yake iko nje ya mstari.

Refa ndio usiseme. Mara nyingi ni kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, kapewa filimbi na ahadi ya soda. Juzi juzi hapa mzee mmoja mwenye kitambi cha heshima aliingia uwanjani kudai ofsaidi. Mechi ya saba kwa saba. Hatuchezi ofsaidi! Na watoto wote walikuwa wanajua isipokuwa yeye.

Kwa Mkapa mimi nimekata tiketi. Wale walio uwanjani ni wafanyakazi, wana mikataba, wana mishahara, wana mameneja, na TV imelipa: Azam na TFF, shirikisho letu la soka, mwaka 2021 walisaini mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6. Kwa hela hiyo nina haki ya kuzomea winga asiyerudi kukaba. Lakini mtoto wa miaka kumi hajasaini chochote na mtu yeyote. Tumebeba zile akili za mzunguko tukazipeleka mchangani kwenye mechi ya watu ambao usiku wanalala na taa inawaka.

Na madhara yake si ya hisia tu. Fuateni mnyororo.

Mzazi anataka ushindi wa leo. Kocha anaishi kwa ada za wazazi, akifungwa mechi tatu mfululizo watoto wanahamishiwa kituo cha jirani. Kocha afanye nini? Anapanga wakubwa. Kwenye U-11 mwenye mwili anatosha: anapiga mpira mbele, anakimbia, anafunga. Hiyo ndiyo mbinu. Yule mdogo mwenye akili ya mpira anakaa benchi, anashika chupa za maji, akifika miaka 13 ameshahamia PlayStation.

Hili limefanyiwa utafiti nchi nyingi: pale umri unapohesabiwa kuanzia Januari, timu za vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Si kwamba Mungu anagawa vipaji Januari. Ni kwamba kwenye miaka kumi, miezi kumi na moja ni sentimita nyingi. Sasa chukua huyu: Mbwana Samatta, kazaliwa 23 Desemba 1992. Yaani kwenye kundi la waliozaliwa 1992 yeye ni karibu wa mwisho kabisa. Mtu aliyekuja kufunga goli Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Man City mwaka 2020, kwa kigezo chetu cha Jumamosi angekuwa anashika chupa.

Hatua inayofuata mnaijua. Kama wakubwa ndio wanaopangwa, basi tutengeneze wakubwa. Vijeba, wakubwa waliopunguzwa umri. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya U-17, walishafuzu fainali za Afrika zilizochezwa Gambia, wakaenguliwa kwa suala la umri. Huo ni msiba wa taifa ambao hatukuulia matanga. Tangu Kombe la Dunia la U-17 la 2009 kule Nigeria, FIFA wanapima kifundo cha mkono kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili: wanaangalia sehemu ya mfupa inayokua, ikishafunga kabisa, uwezekano wa kuwa chini ya 17 ni mdogo mno. Mwanzoni mwa 2023 Cameroon, Eto'o akiwa rais wa shirikisho lao, vijana 21 kati ya 30 wa U-17 walianguka kipimo hicho. Ishirini na moja! Hapo kikosi kizima unaanza upya.

Na watu wakisikia vijeba wanalaumu TFF, wanalaumu makocha. Cheti cha pili cha kuzaliwa kinatoka wapi? Mtoto hajipeleki mwenyewe kujipunguzia miaka. Kuna baba nyuma yake, amevaa jezi ya timu yake, anajua anachokifanya.

Kingine kinachonichoma. Sisi wenyewe mashabiki, hawa hawa wazazi, dirisha la usajili likifunguliwa tunataka nini? Mkongo, Mghana, Mzambia, na awe ameshuka uwanja wa ndege usiku tukampokea kwa ngoma. Kanuni inaruhusu wageni 12 na tunataka wote 12 wacheze. Siwakatai wageni, mimi mwenyewe nimewaimba mpaka sauti ikakauka. Lakini kaa kijiweni kwenu mwezi mzima, usikilize kama kuna hata mtu mmoja atauliza timu ya U-20 ya Simba au Yanga imecheza na nani. Kocha akimpa nafasi kinda, akapoteza mipira miwili, tunaimba jina la Mghana aliyekaa benchi. Halafu Jumamosi tunataka mtoto wetu awe Samatta. Apite mlango upi, kama mlango wenyewe tumesimama tumeuegemea? Walau Azam pale Chamazi wamejitahidi, Novatus Dismas kapitia pale, leo kashacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar. Nalisema hili kwa shida kama Mnyama.

Mimi kwa upande wangu nimeamua nisimame nyuma ya goli la wapinzani, mbali, na mdomo nimeufunga. Kwenye bodaboda ya kurudi simuulizi kitu. Tukishakula, akitaka kuongea mpira tunaongea, akitaka katuni twende katuni. Cha ajabu ni kwamba siku hizi anaongea yeye mwenyewe, mpaka nachoka. Zamani nilikuwa napata "poa" na "sijui".

Nawasilisha. Utopolo (Yanga) karibuni, leo amani.

---

MWANANCHI WA MBAGALA

Makolo (Simba) mkianza kuandika insha ujue ligi mmeshaipoteza tena. Mmetoka kwenye tano mmeingia kwenye malezi 😂

Tuje kwenye hoja. Mkuu, umeongea vizuri lakini umeongea kama mtu wa Masaki. Huyo Samatta unayemtaja katokea huku kwetu Mbagala. Unadhani huku kuna mtu alimbembeleza? Chandimu ya huku, mpira wa mtaani, unapigwa kwanja, unaamka, unacheka, unaendelea. Presha ndiyo inayotengeneza mchezaji. Mtoto anayeogopa sauti ya baba yake ataweza vipi kucheza Cairo mbele ya watu elfu sitini wanaompigia filimbi? Mnawalea mayai halafu Taifa Stars ikifungwa mnashangaa.

---

MZEE WA MZUNGUKO

Mwananchi, umenipa pasi ya mwisho mwenyewe, sina budi kufunga.

Kwenye hiyo chandimu ya Mbagala, mzazi wako alikuwa wapi? Alikuwa kazini. Hakukuwa na mtu mzima hata mmoja. Mlichagua timu wenyewe, mkiona upande mmoja umezidi mnabadilishana mtu, faulo mnabishana wenyewe, mdogo anacheza na mkubwa kwa hiyo analazimika kutumia akili. Ukikosea unazomewa na wenzako dakika moja, mnasahau. Presha ilikuwepo, lakini ilikuwa ya mpira wenyewe. Hii ninayoiongelea mimi ni ya mtu anayekulisha, anayekulipia shule, na ambaye utarudi naye nyumbani. Mtoto hawezi kumpiga chenga baba yake.

Kama unataka mtoto awe mgumu, muache aende chandimu bila wewe. Hilo nakuunga mkono asilimia mia.

---

MWANANCHI WA MBAGALA

Hapo kwenye mzazi alikuwa kazini... sawa. Nimekuelewa nusu. Tano ziko pale pale.

---

FILIMBI YA MCHANGANI

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepeleka watoto UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, zaidi ya mara moja, na jioni nafundisha kituo cha mtaani. Mleta uzi amegusa kidonda, ila ameacha upande wa pesa. Ngoja niwaeleze kutokea upande wa benchi.

Mzazi anayelipa ada kwa wakati nampenda. Mzazi aliyenunua seti ya jezi ndiye ninayemuogopa. Kwenye kituo nilichowahi kufanya kazi alikuwepo mmoja, alileta jezi, koni na mipira. Shukrani nyingi, picha zikapigwa. Wiki mbili baadaye akauliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, unahodha mnaupangaje?" Mtoto wake alikuwa wa kawaida tu, tena alipenda zaidi kuchora. Alivaa kitambaa cha unahodha msimu mzima huku anaonekana kama amebebeshwa mzigo sokoni.

Nilichofanya kituo cha sasa: kamba ya katani. Naifunga kwenye vijiti mita chache kutoka kwenye mstari, upande ambao benchi haipo, na wazazi wote wanakaa nyuma yake. Sio uvumbuzi wangu. Chama cha soka cha Uingereza kilianza kampeni yake ya heshima uwanjani mwaka 2008, na kizuizi cha kuwaweka wazazi mbali na mstari kilikuwa mojawapo ya vitu walivyoanza navyo. Wiki ya kwanza nilitukanwa. Mzee mmoja akaniuliza kama mtoto wake ni wangu. Siku hizi wanakuja na viti vyao vya plastiki wanakaa nyuma ya kamba wanapiga soga, na kuna wakati goli linaingia wao wanaongelea bei ya saruji.

Jambo jingine, na hili naomba akina baba mlisome mara mbili. Mtoto wa miaka 12, 13 akikwambia goti linauma hapa chini ya kifuniko, kwenye kile kinundu cha juu ya mfupa wa ugoko, usimwambie anaigiza. Umri huo mfupa unakua haraka, msuli wa paja unauvuta pale unaposhikia, pakichoshwa panavimba na kuuma. Dawa yake kubwa ni kupunguza mazoezi na kupumzika, na maumivu yakizidi, hospitali. Mimi napokea watoto wanaofanya mazoezi ya shule Jumatatu, kituo Jumanne mpaka Ijumaa, bonanza Jumamosi, na Jumapili baba anaajiri "kocha binafsi" ufukweni Coco. Siku ya kupumzika ni lini? Madaktari wa watoto wanashauri angalau siku moja mbili kwa wiki bila mazoezi rasmi. Wachezaji wa Ligi Kuu wenyewe wanapewa siku ya mapumziko!

---

MAMA KIUNGO

Naona mnaongea wanaume watupu, nami niseme kidogo.

Nyie mnasimama pembeni kupiga kelele, jezi anafua nani? Anayeamka alfajiri kuchemsha viazi ni nani? Mtoto akifungwa, baba ananuna anaenda kijiweni, mimi ndiye ninayebaki naye chumbani amejifunika shuka.

Lakini nilichotaka kusema ni kingine. Nina watoto wawili wanaocheza, wa kiume ana 13 na wa kike ana 12. Uwanja ule ule, kituo kile kile. Wa kiume akicheza, baba yake yupo, baba mkubwa yupo, jirani yupo. Wa kike akicheza niko mimi na shangazi yake na mbwa wa mlinzi. Mwanzoni iliniuma sana. Siku hizi naangalia yupi anatoka uwanjani anacheka. Ni wa kike. Anajaribu kanzu, anakosea, anacheka, anajaribu tena. Hakuna mwanaume hata mmoja pale anayemwona kama mtaji.

Na mtaji upo, kwa taarifa yenu! Aisha Masaka katoka Yanga Princess, kaenda BK Häcken ya Sweden, mwaka 2024 kasajiliwa Brighton, Uingereza. Hapo ni ligi kuu ya wanawake, si majaribio. Ila naomba msije mkaligundua hilo mkaanza kuja uwanjani kwetu. Kaeni huko huko kwa wavulana.

---

MZEE WA MZUNGUKO

Mama Kiungo umetupiga tobo wote 🙌🏾 Shikamoo kabisa.

---

KISAUNI HADI NYALI

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu zangu wa Bongo, haya mambo hata huku yapo, tena huku kuna wazazi wanaokuja na drone.

Nina jambo moja nimeliona na ningependa kusikia kama nanyi mmeliona. Wazazi waliocheza mpira kikweli huwa hawapigi kelele. Angalieni familia zilizotoa wachezaji. Mariga na Victor Wanyama, baba yao Noah Wanyama alichezea AFC Leopards. Mariga akaenda akawa kwenye kikosi cha Inter kilichobeba Ligi ya Mabingwa 2010, mdogo wake akawafunga Barcelona akiwa na Celtic 2012. Divock Origi, baba yake ni Mike Okoth wa Harambee Stars, timu yetu ya taifa. Siwezi kukwambia walikuwa wakiongea nini nyumbani kwao, ila hapa mtaani kwetu wazee waliowahi kuvaa jezi ya klabu utawakuta wamekaa chini ya mwarobaini wanatazama tu. Mtoto akikosea wanacheka kidogo, kwa sababu wao walikosea hivyo hivyo mara elfu. Anayepayuka ni yule aliyekaa benchi darasa la sita na hajasamehe.

---

MWANANCHI WA MBAGALA

Mkenya umeua 😂😂 "hajasamehe"

Hata baba yake Samatta alicheza, hilo liko wazi.

---

BARIDI YA OSLO

Mimi niko Norway, mwaka wa kumi na kitu sasa, wanangu wanacheza mpira huku. Nikieleza sheria za huku watu wa nyumbani wanadhani natunga.

Mtoto kabla ya mwaka anaotimiza miaka 11, hakuna msimamo wa ligi. Hakuna orodha ya matokeo. Mechi inachezwa, watoto wanajua nani kafunga maana watoto wanahesabu kila kitu, lakini chama hakitangazi. Ubingwa wa taifa kabla ya miaka 13 haupo. Imeandikwa kabisa kwenye kanuni za michezo ya watoto, na inahusu michezo yote, sio soka peke yake. Mara ya kwanza nilimuuliza kocha, "Sasa tuko nafasi ya ngapi?" Akaniangalia kwa huruma, akaniomba nisaidie kukata machungwa.

Kiherehere changu cha Kitanzania kilisema hawa watakuwa watu laini. Basi nchi ya watu milioni tano na nusu, wana Haaland, wana Ødegaard, na wamefuzu Kombe la Dunia 2026 kwa kumpiga Italia kwake 4-1. Si lazima iwe kwa sababu ya machungwa. Wana hela, wana viwanja vya ndani, kila mtaa una klabu. Ila hawajapungukiwa kitu kwa kutomkaripia mtoto wa miaka tisa.

Kwa haki niseme na upande wa pili: hata huku wapo wazazi vichaa. Wanapiga kelele kwa Kinorwe, tofauti ni hiyo tu. Na watoto wakifika 13, 14, mchujo unaanza na machozi ni yale yale.

---

FILIMBI YA MCHANGANI

Hiyo ya kutotangaza matokeo kwa hapa Dar wazazi wataandamana. Nitaanza na machungwa.

---

DOGO LANGU KIPA

Wakuu naomba kuuliza nje kidogo ya mada maana naona kuna wataalamu. Kijana wangu ana miaka 15, kipa, mrefu, mzuri kweli sio kwa sababu ni wangu. Kuna jamaa kaja, anajiita wakala, anasema ana nafasi ya majaribio klabu ya Ulaya, mwezi wa tatu. Anataka milioni tatu za "kufungua faili". Ameniletea barua ina nembo. Mama yake anataka tuuze kiwanja. Mnanishauri nini?

---

FILIMBI YA MCHANGANI

Mzee wangu, kiwanja usiguse. Nakuandikia kwa urefu ili na wengine wasome.

Moja. Kanuni ya FIFA ya uhamisho, kifungu cha 19, inasema mchezaji anahama nchi akiwa ametimiza miaka 18. Msamaha upo lakini ni mwembamba: wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira, au anaishi jirani kabisa na mpaka, au ni ndani ya nchi za Umoja wa Ulaya kwa wa miaka 16 hadi 18. Kuna mingine michache, kama ya wakimbizi. Mtoto wa miaka 15 kutoka Dar, baba yupo Dar, hata afanye maajabu kwenye hayo majaribio, klabu haiwezi kumsajili. Sasa majaribio ya nini?

Mbili. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, siku hizi wanaipata kwa mtihani, na jina lake unalitafuta kwenye tovuti ya FIFA dakika mbili. Na kanuni za mawakala haziruhusu kumfuata mtoto au mzazi wake mapema hivyo, labda ndani ya miezi sita kabla ya umri wa kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa kwa sheria za nchi husika, tena kwa ridhaa ya mzazi kwa maandishi. "Kufungua faili" hakuna popote.

Tatu, na hili ndilo wazazi wengi hawalijui: hakikisha kituo chake kimesajiliwa na yeye ana usajili kwenye mfumo wa TFF, kwa umri wake wa kweli. Mchezaji akiuzwa nje mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23. Miaka ya 12 hadi 15 ni robo asilimia kwa kila mwaka, kuanzia 16 ni nusu asilimia. Akiuzwa euro milioni moja, kituo kilichokaa naye hiyo minne ya mwanzo kinapata euro elfu kumi. Kwa kituo cha mchangani hiyo ni uwanja, mipira na ukuta. Lakini bila kumbukumbu za usajili hawapati hata senti, na ukimpunguza umri kumbukumbu zote zinavurugika. Hiyo hela ni ya kituo, si yako, nakwambia mapema usije ukanigombeza.

Samatta mwenyewe alikwenda TP Mazembe ya Kongo 2011, akabeba ubingwa wa Afrika 2015, Genk ya Ubelgiji akaingia Januari 2016 akiwa na miaka 23. Kipa wako ana miaka 15. Makipa ndio kabisa, wanakomaa taratibu. Yuko sekondari? Acheze UMISSETA, michezo ya sekondari, amalize kidato cha nne, atafutiwe kocha wa makipa anayejua kazi.

---

MAMA KIUNGO

Na mama yake mwambie hivi: kiwanja ni cha watoto wote, sio cha kipa peke yake.

---

DOGO LANGU KIPA

Ahsanteni sana, hasa Mwalimu. Nimempigia sasa hivi, nimemsomea hicho kifungu cha 19. Kasema kanuni hizo ni za Wazungu, yeye ana njia yake, na kwa kuwa mimi ni mtu mwema anapunguza, nitume milioni moja na nusu leo, iliyobaki kijana akishapanda ndege.

---

MWANANCHI WA MBAGALA

Mimi ni Yanga, sina sababu ya kukudanganya kwenye uzi wa Kolo. Usitume hata mia.

---

MZEE WA MZUNGUKO

Sahihi. Na hiyo barua yenye nembo ificheni jina la kijana muiweke hapa, kuna mtu mwingine kapewa kama hiyo hiyo.